Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kutafiti Maada Ogani Yenye Rangi katika Maji ya Bahari, Tanzania Bara

Mtafiti wa kigeni anayetaka kupima maada ogani yenye rangi, yaani mabaki ya mimea na viumbe yaliyoyeyuka, katika maji ya delta ya Rufiji na bahari ya Mafia hana budi kupata kwanza kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, ambayo hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Kabla ya kujisajili, tafuta mtafiti mwenza katika taasisi ya nchini, kwa mfano Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar. Kisha andaa wasifu wako, nakala ya pasipoti, barua ya taasisi yako na andiko la utafiti, na ulipe ada.

Andiko ndilo lenye kazi. Kwa kuwa si kila atakayelipitia ni mkemia, eleza kwamba unachotafuta ni ile rangi ya chai ambayo majani ya mikoko na udongo wa bara huyaachia maji. Kwamba hufyonza mionzi ya urujuanimno na mwanga wa buluu, na sehemu yake hung'aa ikimulikwa. Na kwamba huzipotosha setilaiti zinazokadiria klorofili, yaani rangi ya kijani ya mimea midogo ya baharini. Eleza pia utakavyoyachuja maji kwa chujio la mikromita 0.2 na kuyahifadhi gizani, kwenye baridi, ndani ya chupa za kioo cheusi, maana jua huipausha rangi hiyo na bakteria huibadilisha. Ikiwa sampuli zitasafirishwa nje, taja idadi na ujazo wake, na andaa mapema makubaliano ya kuzihamisha. Kwa maoni yangu, ni heri kuzipima hapa hapa kuliko kuziacha chupa zikisubiri mihuri.

Ratiba nayo ifuate mto. Ukikusudia mafuriko ya masika, kati ya Machi na Mei, kibali kitakachotoka Juni hakitakufaa, hivyo omba miezi kadhaa kabla.

Ukishapata kibali, omba kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha watafiti, kisha jitambulishe kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, wilayani na kijijini, hata kama boti imeshakodiwa. Vituo vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, huhitaji idhini ya hifadhi yenyewe, na maji ya Zanzibar yana utaratibu wake wa vibali.