Mtoto anapoacha masomo Uingereza: hatua kwa hatua kwa mzazi anayepokea Child Benefit na Universal Credit

Kila kiangazi wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Uingereza huniletea swali lile lile: mtoto kamaliza chuo cha kati (college), pesa moja imekatika, nyingine bado inaingia, je, niitumie au niiache? Jibu ni kwamba Child Benefit (posho ya mtoto) iko chini ya HMRC, ofisi ya kodi, na Universal Credit (msaada wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo) iko chini ya DWP, wizara ya kazi na pensheni, na kila ofisi ina hesabu yake ya siku. Ukiijulisha moja, usidhani nyingine imesikia. Viwango ninavyotaja ni vya mwaka wa fedha 2025/26.

Hatua ya 1: Angalia kama masomo yake yanahesabika

Child Benefit hulipwa bila maswali mpaka tarehe 31 Agosti baada ya mtoto kutimiza miaka 16. Kuanzia hapo huendelea hadi atimize 20, mradi yuko kwenye masomo yanayokubalika, yaani ya sekondari ya juu au ufundi: A-level, T Level, NVQ mpaka daraja la 3, Highers kwa walio Scotland. Vipindi vyake viwe zaidi ya saa 12 kwa wiki kwa wastani, na awe ameanza au amekubaliwa kabla ya kutimiza 19. Chuo kikuu hakihesabiki. Kwa England, mafunzo ya kazini anayolipwa mshahara na mwajiri (apprenticeship) nayo hayahesabiki, na wazazi wengi hunasa hapo kwa sababu kijana anasema kweli kwamba "anasoma".

Universal Credit ina kikomo cha mapema zaidi, yaani 31 Agosti baada ya kutimiza 19. Chukua kijana aliyetimiza 19 Machi 2025 huku kozi yake ikiisha Juni 2026. Fungu lake kwenye Universal Credit, yaani pesa anayoongezewa mzazi kwa ajili yake, linaisha 31 Agosti 2025, lakini Child Benefit inaendelea mpaka atimize 20, Machi 2026. Hapo hakuna aliyekosea.

Hatua ya 2: Jibu barua ya HMRC

Mwaka wa mwisho wa sekondari, HMRC humwandikia mzazi anayepokea Child Benefit kuuliza mtoto atafanya nini baadaye. Usipojibu, malipo husimama hata kama mtoto anaendelea na masomo. Unaweza kujibu kwenye programu ya simu ya HMRC au kwenye tovuti ya serikali. Tafadhali usiiweke kabatini na barua nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe ya mwisho ya Child Benefit

Mtoto akiacha masomo, Child Benefit haikatiki siku hiyo hiyo. Inakwenda mpaka tarehe ya karibu inayofuata kati ya hizi nne: mwisho wa Februari, 31 Mei, 31 Agosti au 30 Novemba. Aliyemaliza Juni analipiwa mpaka 31 Agosti. Aliyeacha Oktoba, mpaka 30 Novemba.

Inakatika mapema akianza kazi ya kulipwa ya saa 24 au zaidi kwa wiki, akianza yale mafunzo ya kazini, au akipewa Universal Credit kwa jina lake mwenyewe.

Kama ana miaka 16 au 17, ameacha masomo na amejiandikisha kwenye huduma ya ushauri wa ajira au jeshini, unaweza kuomba nyongeza ya wiki 20. Iombe ndani ya miezi 3 tangu aache, kwani haiji yenyewe.

Hatua ya 4: Iandikie Universal Credit siku ile ile

Universal Credit haina zile tarehe nne. Ingia kwenye akaunti yako, nenda sehemu ya kutoa taarifa ya mabadiliko, andika siku aliyoacha, kisha hifadhi picha ya ulichotuma.

Mabadiliko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi wako wa tathmini, yaani kile kipindi cha mwezi mmoja ambacho Universal Credit hukipigia hesabu ya malipo yako. Kama mwezi wako unaanzia tarehe 5 na mtoto aliacha chuo tarehe 20 Novemba, fungu lake linaondoka kwa mwezi mzima ulioanza 5 Novemba. Linauma, lakini ndiyo sheria. Ukikaa kimya utalipwa zaidi ya haki yako, na deni hilo hukatwa kwenye malipo yajayo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mtoto wa mwisho

Hapa ndipo familia huyumba, kwa sababu hasara huwa kubwa kuliko fungu la mtoto lenyewe.

Mzazi mwenye mtoto na anayefanya kazi ana kiasi cha mshahara ambacho Universal Credit haikigusi: £411 kwa mwezi kama malipo yake yana sehemu ya pango, £684 kama hayana. Juu ya hapo hukatwa senti 55 kwa kila pauni. Mtoto wa mwisho akitoka kwenye hesabu, kiasi hicho kinaondoka, na makato huanza kwenye pauni ya kwanza. Anayebaki nacho ni yule aliyepimwa na kuonekana afya yake inapunguza uwezo wa kufanya kazi.

Tuseme mama anaishi peke yake na mwanawe, anapanga nyumba, na mshahara unaomfikia mkononi ni £1,200. Fungu la mtoto wa kwanza aliyezaliwa kabla ya 6 Aprili 2017 ni £339. Linaondoka. Ile £411 ikiondoka, makato yanaongezeka kwa £226.05. Jumla ni £565.05 kwa mwezi, bila kugusa Child Benefit ya £26.05 kwa wiki. Ndiyo maana nasisitiza hesabu hii ifanywe miezi 6 kabla, wakati bado unaweza kuomba saa zaidi kazini au kukubaliana na kijana mchango wake wa nyumbani.

Kama wapo wadogo zake, mambo ni mepesi kidogo: £411 inabaki, na anayefuata ndiye hupanda kwenye kiwango cha mkubwa cha Child Benefit, kutoka £17.25 hadi £26.05.

Hatua ya 6: Wajulishe kaunsili

Ukiwa mtu mzima pekee nyumbani, unapata punguzo la 25% la Council Tax, kodi ya nyumba inayolipwa kwa kaunsili. Kijana wa miaka 18 hahesabiwi mradi bado analipiwa Child Benefit. Aliye chini ya 20 na aliyemaliza masomo baada ya 30 Aprili hahesabiwi mpaka 1 Novemba. Mwanafunzi wa chuo kikuu wa kutwa nzima naye hahesabiwi. Asipokuwa tena kwenye mojawapo ya makundi haya, ndipo punguzo linaondoka.

Mshahara wa kijana hauingizwi kwenye Universal Credit yako. Akifika 21 na bado anaishi kwako, sehemu ya pango inaweza kupunguzwa £93.02 kwa mwezi.

Hatua ya 7: Uliza kabla kijana hajaomba malipo kwa jina lake

Kwa kijana mwenye ulemavu hili ni muhimu mno. Kupokea PIP (malipo ya serikali kwa mwenye ulemavu) kwa jina lake hakuondoi fungu lake kwako. Universal Credit yake inaondoa fungu lake kwako pamoja na Child Benefit. Linganisha jumla ya nyumba nzima kwanza. Na kama baba au mama aliye mbali anachangia matunzo kupitia mfumo wa serikali, kumbuka matunzo hayo nayo hufuata Child Benefit.

Hatua ya 8: Ukiona uamuzi si sahihi

Una mwezi 1 tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Ambatanisha barua ya chuo yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na saa za vipindi kwa wiki. Barua hiyo iombe kabla chuo hakijafungwa kwa likizo ya Julai.