Kamba ya mita 8 na António Silva: ninavyomnoa beki wa kati

Kiwanja chetu kiko Nkuhungu, Dodoma, kichanga kitupu, na kuanzia Juni upepo ni wa kukomoa: ukibutua mpira kuelekea mashariki, unakurudia. Hapo nafundisha mabeki wa miaka 15 mpaka 18. Mwenyewe nilicheza namba tano, beki wa kati, kwenye ndondo, mechi za mtaani, mpaka goti likagoma. Siku hizi mfano wangu ni kijana mmoja wa Ureno, António Silva wa Benfica. Wapo mabeki bora kuliko yeye, lakini makosa yake yameonekana na dunia nzima, na mtoto akiyaona anaelewa upesi kuliko nikimfokea.

Anza kwa kumsimulia kijana nafasi ilivyopatikana. Aprili 2022 Silva alikuwa bado mtoto wa timu ya vijana, ile iliyoichapa Salzburg 6-0 kwenye fainali ya Ligi ya Vijana ya UEFA. Agosti 27 mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, kocha Roger Schmidt akampanga ugenini dhidi ya Boavista kwa sababu mabeki wa kati walikuwa majeruhi. Wakashinda 3-0, na namba ikawa yake. Vijana wangu wanapenda neno "kipaji". Mimi nawakazia neno "majeruhi". Kwa hiyo kwangu anayekaa benchi anapasha sawa na anayeanza, njumu zimefungwa kamba. Niliwahi kumwita mmoja aingie dakika ya 20, nikamkuta anabangua karanga, kandambili miguuni. Tulimaliza mechi na kiungo akicheza beki.

Pili, mdogo mpange na mkubwa. Silva alisimama na Nicolás Otamendi, mzee wa miaka 34 aliyekuja kutwaa Kombe la Dunia na Argentina Desemba ile. Mimi sina Otamendi, ila nina kamba. Chukua kamba ya mita 8, wafunge mabeki wawili viunoni, halafu pitisha mpira mbele yao kulia na kushoto. Kamba ikiburuza chini, wamekaribiana mno. Ikivutika, pengo limefunguka na straika anapita. Mkubwa ndiye anayeita: "Panda! Shuka! Wako huyo!" Dakika 10 zinatosha, wakizidisha wanaanza kucheka na kuangushana.

Mpira wa kichwa nafundisha upande unaotoka upepo, maana mpira wa Dodoma hauanguki pale unapoutarajia. Msubirishe, aruke kwa kuchelewa kidogo. Oktoba 25, 2022, siku chache kabla ya kutimiza miaka 19, Silva aliifunga Juventus kwa kichwa katika ule ushindi wa 4-3.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Septemba 2023, Salzburg tena, safari hii Ligi ya Mabingwa: akaushika mpira kwa mkono langoni, penalti na kadi nyekundu dakika ya 13. Juni 26, 2024, Euro, Ureno dhidi ya Georgia: hata dakika mbili hazijatimia akatoa pasi mbovu, Mikautadze akainasa, akampa Kvaratskhelia, goli. Kipindi cha pili akasababisha na penalti. Zikawa 2-0. Waonyeshe vijana goli lile la kwanza kwenye simu, mara tatu, kimya. Kisha waulize: kabla mpira haujamfikia, alitazama wapi?

Zoezi lake ni hili. Beki anapokea mpira kutoka kwa kipa, nyuma yake wapo washambuliaji wawili. Mimi nanyoosha vidole juu nyuma ya bega lake. Asipotaja idadi kabla hajagusa mpira, zoezi halihesabiki. Pasi ya kukata katikati hairuhusiwi dakika 10 za kwanza. Akiboronga, mpira unaofuata anapewa yeye yule, papo hapo, kabla hajapata muda wa kuinamisha kichwa.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa gharama. Kuna beki nilimtoa dakika ileile aliyokosea, mbele ya watu waliojaa kwenye ndondo. Wiki tatu sikumwona. Nikakutana na mama yake sokoni Majengo. "Shikamoo mama." "Marahaba kocha. Mwanao kasema mpira basi." Nikaenda nyumbani kwao jioni ile, nikakaa na kijana uani, nikamwonyesha Silva na Georgia. Akauliza, "Na bado wanampanga?" Nikamwambia anagombania namba, leo yumo, kesho benchi. Alhamisi akaja mazoezini, akajifunga kamba mwenyewe.

Kamba yenyewe nunua ya manila. Ya katani inachubua viuno.