Kilo Ngapi za Risasi? Vifaa na Ueleaji kwa Anayeanza Kupiga Mbizi Ziwa Tanganyika

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, anapoandaa wavu huweka maboya juu na chubwi chini, akaongeza hapa na kupunguza pale mpaka wavu usimame majini kama anavyotaka. Anayejifunza kupiga mbizi hufanya kazi hiyohiyo kwa mwili wake mwenyewe, kwa kufunga risasi, yaani vizito vya madini ya risasi vya kumsaidia kuzama, ila yeye hana budi kuirudia kila anapobadili suti, mtungi wa hewa au maji. Hili la kubadili maji ndilo linalowaponyoka wengi waliojifunzia Unguja au Mafia, kisha wakaja Katonga, hapa ziwani, na hesabu za baharini.

Nianze na vifaa. Ukiwa na fedha ya kununua kimoja tu, nunua miwani ya mbizi, na vingine ukodi. Miwani hiyo sharti ifunike pua pamoja na macho, kwa sababu kadiri unavyoshuka maji huikandamiza usoni, nawe huisawazisha kwa kutoa hewa kidogo puani; ile ya kuogelea, inayoacha pua nje, haifai kabisa. Ili kuijaribu, iweke usoni bila kuvaa mkanda wake, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha uondoe mkono. Ikishika, inakufaa, ikidondoka, usishawishiwe na bei. Mwenye masharubu mazito huenda akavujiwa hata na miwani nzuri, na dawa yake ni wembe au uvumilivu.

Mapezi yaliyo wazi kisiginoni, yanayovaliwa pamoja na viatu vya mpira, yanafaa zaidi katika fukwe zetu zenye mawe. Kwa kuwa maji ya juu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi, suti ya milimita 3 huwatosha wengi. Jaketi la kuelea na regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi kwa mdomo, ni vya kukodi mwanzoni, lakini vikague mwenyewe: jaza jaketi na usikilize kama linavuja, kisha vuta pumzi kadhaa kwenye regyuleta huku ukiitazama geji inayopima shinikizo la hewa mtungini, kwani mshale ukicheza kila unapovuta, huenda valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri.

Sasa risasi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, na ya ziwa kilo 1, kwa hiyo ziwa hukuinua kwa nguvu ndogo zaidi. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote wana kilo 95 atahitaji risasi pungufu kwa kilo 2 na kidogo kuliko alizofunga baharini. Mimi sikulijua hilo siku ya kwanza. Nilifunga kilo zilezile nilizozoea Unguja, nikashuka kama jiwe la kinu, na muda wote nikawa natia hewa kwenye jaketi na kuitoa, huku nikiwatimulia samaki vumbi la chini.

Basi usiazime hesabu ya mwenzako. Ukiwa na mwalimu wako, mahali ambapo kina kinakuzidi kidogo, vaa kila kitu, toa hewa yote kwenye jaketi, shikilia pumzi ya kawaida na utulie bila kupiga mapezi. Uzito ukiwa sawa, maji yatafika usawa wa macho, na ukitoa pumzi utazama polepole. Kipimo hiki ni bora kifanywe mwishoni, geji ikisoma baa 50 (baa ni kipimo cha shinikizo), yaani hewa ikikaribia kwisha. Ukikifanya mtungi wa lita 11 ukiwa umejaa, ongeza takriban kilo 2, ambazo ndizo uzito wa hewa utakayoitumia. Ukisahau nyongeza hiyo, hasa kwa mtungi wa alumini ambao huanza kuelea unapokaribia kwisha, utashindwa kutulia katika kituo cha mita 5, pale unaposimama kidogo kwa usalama wakati wa kupanda.

Chini ya maji suti hubanwa na kupoteza ueleaji, kwa hiyo tia hewa kwenye jaketi kidogo kidogo, na marekebisho madogo uyaachie mapafu: pumzi ndefu hukuinua, kuitoa hukushusha, ila matokeo huchelewa sekunde kadhaa, na ni katika kuchelewa huko wanafunzi wengi hubonyeza kitufe cha jaketi bila sababu. Unapopanda, hewa hupanuka. Itoe kwenye jaketi, panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na usizuie pumzi kamwe, kwa maana mapafu yanaweza kupasuka.

Jambo la mwisho linahusu mwinuko. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya mbizi, yanayoonyesha muda wa kukaa katika kila kina, hutakiwa kurekebishwa kuanzia mita 300. Hakikisha kompyuta yako ya mbizi, ile inayofuatilia kina na muda wako majini, inatambua mwinuko huo. Tabora nayo iko karibu mita 1,200, hivyo anayepanda treni jioni baada ya kuzamia asubuhi anazidi kupunguza shinikizo mwilini wakati naitrojeni, gesi ya hewani iliyoingia mwilini alipokuwa chini ya maji, haijatoka yote. Kwa ndege, ushauri wa kawaida baada ya mbizi kadhaa ni kusubiri angalau saa 18. Nami hutumia kipimo hichohicho kwa treni, nikiacha siku nzima kati ya mbizi ya mwisho na safari.