Vimeng'enya vya bakteria waishio ndani ya mmea: chukua sampuli kwa uangalifu

Ukipasua shina la mmea wenye afya, unaona nyuzi na utomvu tu. Lakini humo ndani wamo bakteria ambao hawaudhuru mmea. Baadhi yao huja na mbegu, na wengine hutoka udongoni na kuingilia kwenye nyufa pale mzizi mdogo unapochomoza kutoka mzizi mkubwa. Ili wapenye, hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kuvunjwa kwa vitu: selulesi huvunja selulosi inayojenga kuta za seli, pektinesi hulegeza pektini, ile gundi inayoshikanisha seli.

Vimeng'enya vya namna hiyo ndivyo viwanda vinavyotafuta. Pektinesi husafisha maji ya matunda, amilesi huondoa wanga kwenye kitambaa kabla hakijatiwa rangi, na protiesi huwekwa kwenye sabuni ya unga ili iondoe madoa ya damu. Bakteria wa kundi la Bacillus hutoa vyote vitatu, nao hupatikana sana ndani ya mimea.

Basi watafiti wanaotafuta bakteria hao wakikuomba mimea, usiwape ile iliyokuwa karibu na njia. Chagua mmea usio na madoa wala wadudu, uchimbe taratibu pamoja na mizizi, ukung'ute udongo, uutie kwenye mfuko safi na kuuweka mahali pa baridi. Ufike maabara siku hiyohiyo ikiwezekana, kwani ukianza kuoza bakteria wa kuozesha huwazidi wale wanaotafutwa. Andika umri wa zao na dawa zote ulizopuliza, hasa za shaba, kwa kuwa huua bakteria.

Maabara huosha nje ya mmea kwa spiriti ya asilimia 70 na klorini, kisha husuuza kwa maji yaliyotakaswa. Maji ya suuza ya mwisho nayo huoteshwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria. Kikiota chochote, kazi inarudiwa, maana bakteria wa nje hawajaisha. Kipimo cha amilesi kinapendeza kukitazama: sahani yenye wanga ikimwagiwa iodini hugeuka buluu nyeusi, ila pale bakteria alipokula wanga panabaki duara angavu kumzunguka.

Jambo moja nalisisitiza sana. Usiponde mashina, ukaloweka na kunyunyizia shamba ukidhani unaongeza bakteria wazuri. Bakteria wanaoozesha viazi hadi vikawa rojo hutumia pektinesi hizohizo, ila wao huitoa kwa wingi na kubomoa tishu nzima. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na baadhi ya bakteria wa mimea humdhuru hata binadamu.

Ukinunua bakteria waliotayarishwa kwa ajili ya shamba, soma tarehe ya mwisho, watunze kivulini, wala usiwachanganye na dawa ya shaba kwenye bomba moja. Acha mistari michache bila kuwatia, upime mavuno yake kando ili uone kama wamesaidia.