Kabla hujanunua vidonge vya "akili ya mtoto": mambo ya kuzingatia kwa mama atakayenyonyesha

Maduka ya dawa ya Kampala, hata ya Busia na Arua, hayakosi makopo yanayoahidi mtoto mwenye akili. Kabla hujatoa pesa, dada, jua kwanza ni kirutubisho kipi kinachotoka kwako na kuingia kwenye maziwa. Si vyote.

Madini ya chuma, kwa mfano, hayaongezeki sana katika maziwa hata umeze vidonge vingi kiasi gani. Mtoto mchanga hutumia akiba aliyotoka nayo tumboni, kwa hiyo mwulize mkunga mapema kama atasubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kubana kitovu, damu ya kondo imfikie mtoto. Vidonge vya chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki usivitupe: hivyo ni kwa ajili ya damu yako. Shirika la Afya Duniani linashauri kuendelea navyo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua katika nchi zenye upungufu mkubwa wa damu kwa wajawazito, na Uganda ni mojawapo. Meza kwa maji. Chai ya majani ingoje, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Kama unatumia dawa za VVU zenye dolutegravir, mwambie mhudumu kuhusu kila kidonge cha chuma au kalsiamu unachokusudia kumeza. Vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu, dawa haifyonzwi vizuri.

Iodini, vitamini B12, kolini na mafuta ya omega-3 yaitwayo DHA ni habari nyingine: ukipungukiwa wewe, maziwa nayo hupungukiwa. Iodini ndiyo inayotengeneza homoni za tezi zinazojenga ubongo, na mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 kwa siku. Hapo huhitaji kopo la bei. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina iodini, ifunike vizuri, uitie chungu kikikaribia kuepuliwa. B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Familia zisizokula kabisa vyakula hivyo zinahitaji kidonge kweli, kwa ushauri wa kliniki, kwa sababu mtoto akikosa B12 hulegea, hupoteza hata aliyokwisha kujifunza, na madhara mengine huweza kubaki.

DHA ndiyo inayouza makopo. Lakini majaribio ya kuwapa mama wanaonyonyesha mafuta hayo, yalipokusanywa pamoja, hayakutoa ushahidi wa kutosha kwamba watoto wao hukua na akili zaidi. Mimi pesa hiyo ningeipeleka sokoni kwa mukene, wale dagaa ambao wengine wanawaona chakula cha kuku tu. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, si mchangani. Ongeza mayai: moja lina takriban miligramu 150 za kolini, na unahitaji kama 550 kwa siku. Na hili mwelewane na baba mtoto kabla ya uchungu kuanza, maana kunyonyesha kunadai takriban kalori 500 za ziada kila siku, na matoke matupu hayatoshi.

Vitamini A ya dozi kubwa usijinunulie. Tangu 2011 haipendekezwi tena kwa mama waliojifungua. Dodo, yaani mchicha, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vipo.

Ukiamua kununua kopo hata hivyo, lipeleke kwanza kwa mkunga asome vilivyomo kabla hujalifungua.