Namna ya Kuwatafuta Wafanyakazi Wasiotajwa wa Filamu za Zamani za Hollywood

Filamu nyingi zilizotengenezwa na studio za Hollywood katika miaka ya 1930 na 1940 huanza kwa kadi chache za majina ambazo hupita upesi: waigizaji, mwongozaji, mtayarishaji, mwandishi na wakuu wa idara kadhaa. Maseremala, washonaji wa mavazi, wachoraji wa mandhari, wasaidizi wa wahariri, wapiga ala na waigizaji mbadala wa matukio ya hatari kwa kawaida hawamo, ingawa baadhi yao walitumikia studio moja maisha yao yote ya kazi. Anayetaka kumfahamu mmoja wao, awe ni mtafiti au mjukuu wake, anaweza kumpata, mradi akubali tangu mwanzo kwamba njia yake itapita zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye filamu yenyewe.

Anza kwa kujifunza kuzitilia shaka kadi hizo. Cedric Gibbons, mkuu wa idara ya sanaa ya MGM, alikuwa na mkataba uliotaka jina lake liandikwe kama msanifu, na ndiyo maana linaonekana katika filamu zipatazo 1,500, idadi ambayo hakuna binadamu angeweza kuisanifu kwa mkono wake. Katika filamu za studio hiyo, soma kwa makini jina la msaidizi lililo chini ya lake, kwa kuwa mara nyingi huyo ndiye aliyechora. Kinyume chake, Margaret Booth alisimamia uhariri wote wa MGM kuanzia 1939 hadi 1968, na filamu nyingi zilizopita mikononi mwake katika miaka hiyo hazimtaji popote. Kwa hiyo jina lililopo halithibitishi kazi, na jina lisilokuwepo halikanushi.

Hatua inayofuata ni kujua filamu ilipigwa katika studio ipi na katika miezi gani, kwa sababu bila tarehe hutajua ufungue jalada lipi. Orodha ya filamu ya American Film Institute, inayopatikana bure kwenye intaneti, hutoa taarifa hizo kwa filamu nyingi za Marekani. Kisha ingia katika Media History Digital Library, ambako magazeti ya biashara ya filamu kama Film Daily, pamoja na International Photographer, jarida la chama cha wapiga picha, yamewekwa ili yasomwe na kutafutwa kwa neno. Tafuta jina kwa herufi za mwanzo, kwa jina la utani na kwa tahajia zenye makosa, maana wachapaji wa enzi hizo hawakujisumbua sana na jina la msaidizi.

Hazina kubwa, hata hivyo, imo katika nyaraka za studio zenyewe, nami ningeshauri muda wako mwingi uutumie huko. Nyaraka za Warner Bros. zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Southern California, na za mtayarishaji David O. Selznick katika Harry Ransom Center, mjini Austin, Texas. Maktaba ya Margaret Herrick iliyoko Beverly Hills ina makusanyo ya watu na kampuni nyingi. Soma mwongozo wa mkusanyo, yaani orodha ya yaliyomo, kabla ya kusafiri, kisha uombe kwanza ripoti za kila siku za upigaji, karatasi za kuwaita wafanyakazi kazini, bajeti na barua za ndani ya ofisi. Ripoti ya siku iliandikwa kwa ajili ya mhasibu, wala haikuwa na haja ya kumtukuza mtu yeyote, na hiyo ndiyo thamani yake. Kadi za majina hazina uaminifu huo: zile za Gone with the Wind (1939) zinamtaja Victor Fleming peke yake kama mwongozaji, ilhali George Cukor ndiye aliyeianza na Sam Wood akaongoza sehemu yake. Ben Hecht, aliyeuandika upya mswada, hakutajwa kabisa.

Ukishapata jina, mtafute mtu. Sensa za Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, hivyo ile ya 1950 imekuwa wazi tangu 2022, nayo huonyesha kazi ya mtu na aina ya shughuli ya mwajiri wake. Kwa wanawake, kama wale waliotia wino na rangi katuni za Disney, tafuta majina ya kabla na baada ya ndoa.

Wapo pia waliofichwa kwa makusudi, na hapo hata nyaraka rasmi zinaweza kukudanganya. Dalton Trumbo, mwandishi aliyepigwa marufuku kufanya kazi Hollywood kwa sababu za kisiasa, aliandika Roman Holiday (1953) huku jina lililowekwa likiwa la rafiki yake Ian McLellan Hunter. Chama cha waandishi kilimrudishia haki yake mwaka 2011, miaka mingi baada ya kifo chake. Marni Nixon aliimba badala ya mwigizaji Deborah Kerr katika The King and I (1956) bila kutajwa. Katika mambo ya namna hii tegemea barua binafsi, mikataba na mahojiano ya baadaye, na uyalinganishe.

Orodha za mtandaoni zinazojazwa na wasomaji zichukue kama fununu tu hadi uone karatasi. Unapoandika ulichokipata, tumia kitenzi ambacho hati inakiruhusu: kama ripoti inaonyesha kwamba fundi alikuwa kazini siku 3, andika hivyo, usiseme kwamba alijenga seti. Taja maktaba, mkusanyo, sanduku na tarehe ya hati, ili mwingine aweze kuifungua na kuisoma mwenyewe.