Droo ya chama kwa mtungi wa lita 20

Tarehe 24 Aprili 1980, kwenye droo ya televisheni ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, mashine tatu za kupuliza mipira zilitoa 666. Mashine zilikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba mipira yote, isipokuwa ya 4 na ya 6, ilikuwa imedungwa rangi nyeupe kwa sindano, ikawa mizito, ikashindwa kupanda. Zikabaki namba nane tu za tarakimu tatu zinazoweza kutoka, na wenye njama walikuwa wameshazinunulia tiketi. Kwa hivyo ukitengeneza mashine yako ya droo ya chama hapa Nairobi, anza na mizani.

Nunua mipira 45 ya tenisi ya meza, ile ya milimita 40 na gramu 2.7, ili upate 30 inayolingana. Pima kila mmoja kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Kati ya mwepesi kabisa na mzito kabisa, tofauti isizidi 0.05. Andika namba 1 hadi 30, acha wino ukauke, kisha pima upya, maana 28 hula wino kuliko 1. Pigia 6 na 9 mstari chini.

Mtungi wa maji wa dispensa usimame wima. Toboa kitako, ingiza mdomo wa blowa ya mkono, ile mafundi wa kompyuta hupulizia vumbi, na utandaze wavu juu yake. Kikausha nywele kiache: joto lake hulegeza plastiki. Mabegani toboa matundu 12 ya milimita 10. Bila hayo hewa yote hukimbilia shingoni, na mipira minne hutoka kwa mpigo.

Shingo iuzidi mpira kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi hapo, hewa hupita kando na mpira hubaki ukichezacheza pale pale.

Ziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, puliza sekunde 30, achia, kinga mpira kwa chujio la jikoni.

Januari na Februari, hewa ikikauka, mipira hunata ukutani kwa umemetuli. Pangusa mtungi ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, uache ukauke wenyewe.

Kabla ya siku yenyewe, chezesha mara 150 ukirudisha kila mpira. Wastani ni mara 5 kwa kila namba. Uliotoka mara 8 usikutie wasiwasi. Wa mara 13 urudi kwenye mizani.